Mgeuza Kurasa wa Mwalimu

Shule ya muziki ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukianza kupanda ngazi ulisikia harufu ya rangi na gundi ya mbao, na ukifika juu harufu ikawa ya sabuni, kwa sababu sakafu ya huko ilipigwa deki mara mbili kwa siku: asubuhi kabla wanafunzi hawajaingia, na alasiri watoto wadogo wakishaondoka. Aliyeipiga deki alikuwa mama mmoja wa miaka hamsini na mbili, mnene wa wastani, mwendo wake wa taratibu lakini ulimi wake hauna breki. Wanafunzi walimwita Shangazi. Walimu wakaiga, na hata mkuu wa shule, aliyemzidi umri, naye alimwita Shangazi bila kuona ajabu.

Alikuwa ametimiza miaka kumi na moja katika kazi ile. Alifungua vyumba saba asubuhi na kuvifunga jioni, alipanga viti, alichemsha chai ya walimu, alimwaga vikapu vya takataka. Muziki hakuwahi kufundishwa. Piano alizigusa kwa kitambaa cha kufutia vumbi tu, tena alikuwa na mtindo wake: alizungushia kitambaa mkononi na kuupitisha upesi kutoka kushoto hadi kulia, sauti zikapanda mbio kama mtu anayekimbilia ghorofani, halafu akafunga kifuniko kabla hajaulizwa nani anachezea vyombo.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha Mwalimu. Walimu walikuwepo sita, lakini ukisema Mwalimu, bila kuongeza neno, ulimaanisha huyo. Alikuwa mgane wa miaka sitini na minane, mrefu, mkavu, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni hata siku za joto. Wanafunzi walimwogopa. Hakuwapiga wala kuwatukana. Alinyamaza tu mtu akikosea, akamtazama, na kunyamaza kwake kulitosha kumfanya mtoto akumbuke makosa yote aliyowahi kufanya tangu azaliwe.

Jumanne moja, wiki tano kabla ya onyesho la mwaka, Mwalimu alimwita Shangazi chumbani. Shangazi alidhani ameharibu kitu. Alisimama mlangoni na ufagio mkononi, akaulizwa swali ambalo hakulitegemea.

"Jana ulipokuwa unapiga deki hapo nje, kwa nini ulinyanyua ndoo kabla sijamaliza kupiga?"

"Kwa sababu ulikuwa unakaribia kumaliza."

"Ulijuaje?"

Shangazi akahamishia ufagio mkono wa pili. Akasema amezoea.

Mwalimu akamweleza shida yake. Katika onyesho angempigia piano mwimbaji mmoja, mwanamke wa makamo ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa unesi katika wodi ya wazazi, na kila mtu pale shuleni alimwita Nesi. Wimbo wao ulikuwa na kijitabu cha kurasa nane, na anayepiga hana mkono wa tatu wa kugeuzia. Mwanafunzi aliyezoea kumgeuzia alikuwa amepata kazi mji mwingine. Amejaribu wengine wawili: mmoja alinogewa na wimbo hadi akasahau kugeuza, na mwingine alitetemeka kiasi kwamba kijitabu kilianguka juu ya mikono yake.

Shangazi alisema yeye hajui kusoma mambo yale. Mwalimu akasema wiki tano ni nyingi, na tayari alikuwa amemvutia kiti.

Basi ndivyo alivyoanza kujifunza, kila siku saa tisa, baada ya deki. Mkuu wa shule alimpa daftari jipya, naye Shangazi akaliandika jina lake kwenye jalada kwa herufi kubwa, kama alivyofanya mara ya mwisho akiwa darasa la saba.

Siku ya kwanza alionyeshwa mistari mitano, na mwanzoni mwa mistari ile alama iliyojikunja kama sikio lenye ndoano. Mwalimu akasema huo ni ufunguo. Shangazi akashika funguo zake saba zilizoning'inia kiunoni, akatazama ile alama, akatazama tena funguo. Akauliza unafungua nini. Mwalimu akasema unafungua noti, yaani bila huo huwezi kujua noti gani ni ipi. Kisha akamwonyesha wa pili, chini yake, kama herufi ya C iliyogeuzwa na kuwekewa nukta mbili, akasema nao ni ufunguo, lakini wa mkono wa kushoto. Shangazi akaandika kwenye daftari: ufunguo wa juu, ufunguo wa chini. Kisha akaongeza chini yake kwa maandishi madogo: mlango wenyewe sijauona.

Baada ya hapo Mwalimu aliweka kidole juu ya herufi ndogo ya p na kusema, hapa ni piano. Shangazi akajibu kwamba piano anaijua, ameifuta miaka kumi na moja. Mwalimu akavuta pumzi. Akaeleza kwamba neno lile ni la Kiitaliano, na maana yake ni sauti ya chini, ya upole. Shangazi akauliza ilikuwaje basi chombo chenye kelele kuliko vyote katika jengo lile kikapewa jina la upole. Akajibiwa kwamba jina lake kamili ni pianoforte, upole na kishindo kwa pamoja, kwa sababu chaweza yote mawili. Jambo hilo lilimkaa kichwani hadi nyumbani. Alimwambia mumewe ni sawa na kumwita mtoto Njoo-Nenda, halafu ukashangaa hasikii.

Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache ambayo karibu yote yalikuwa ya utani. Alilichukua lile daftari kila jioni wakiwa mezani na kulisoma kama gazeti.

Lililomponza Shangazi ni jambo moja ambalo mwanzoni lilimfurahisha. Mwalimu alimwambia Kiitaliano kinasomwa karibu kama Kiswahili: a ni a, e ni e, unavyoiona ndivyo unavyoitamka. Shangazi akapata moyo. Akaanza kusoma maneno yale bila kuuliza, na aliyoweza kuyatamka vizuri akaamini anayajua.

Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza paliandikwa andante con moto. La mwisho halikumpa shida. Moto ni moto. Mwalimu alipomwuliza anaelewaje, akasema wimbo huu unatembea, lakini kama mtu anayetembea pekupeku juu ya lami ya saa saba mchana. Mwalimu akaweka kidole juu ya lile neno. Akasema maana yake ni mwendo wa kutembea wenye msukumo, na kwamba moto ya Kiitaliano haiunguzi, lakini hilo la lami halikuwa mbali sana. Shangazi akatoka pale hajui kama amepata au amekosa.

Ukurasa wa nne paliandikwa meno mosso. Alikagua picha ya Nesi aliyokuwa nayo kichwani, akiimba, akaamua kwamba hapo mwimbaji hutabasamu watu wamwone meno. Aliambiwa hapana, ni kupunguza mwendo. Jioni mumewe akasoma mstari huo kwenye daftari akasema, "Kwa hiyo mkifika hapa mnapunguza meno." Shangazi akasema ni mwendo. "Sasa kwa nini hawakuandika mwendo?" Shangazi akasema hata yeye angependa kujua.

Kwenye ukurasa wa tano, chini ya noti za mkono wa kushoto, paliandikwa simile. Neno hilo alilijua tangu utotoni. Baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo sokoni, na akipita na gunia mgongoni aliita simile, simile, watu wakae kando wasije wakaangukiwa. Na kwa vile mgeuza kurasa hukaa upande wa kushoto wa mpigaji, Shangazi aliona maana yake imekaa wazi kabisa: mkono wa kushoto unataka nafasi, apishe. Kila walipofika pale alisukuma kiti chake nyuma kwa adabu, kisha wakipita akakirudisha. Alifanya hivyo wiki nzima. Siku ya tano Mwalimu aliacha kupiga, akageuka.

"Shangazi, kwa nini hapa huwa unanikimbia?"

Shangazi akamwonyesha neno. Akaeleza habari ya sokoni na baba yake na magunia. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema simile hapa maana yake ni endelea vilevile ulivyokuwa unafanya. Shangazi akauliza kama ana hakika. Hakuuliza kwa ujeuri. Ni kwamba neno lile lilikuwa la baba yake, na hakuona kwa nini mtu wa mbali aje kulipa maana nyingine.

Kulikuwa na neno moja tu alilolipenda tangu siku ya kwanza. Chini ya ukurasa wa tatu pembeni palikuwa na herufi mbili, V na S. Mwalimu alisema ni kifupi cha volti subito, yaani geuza upesi, kwa sababu noti za ukurasa unaofuata zinaanza papo hapo. Shangazi akatambua kwamba mambo mengine yote ya kijitabu kile ameandikiwa mpigaji, lakini herufi hizi mbili ameandikiwa yeye. Alizizungushia duara kwenye daftari.

Kilichomchanganya kuliko vyote ni safari. Yeye alidhani wimbo huanza mwanzo ukaenda mpaka mwisho. Kumbe wimbo ule ulikuwa na kurudi. Ukurasa wa pili palikuwa na alama ya S iliyochomwa mshazari na sindano, ina nukta huku na huku. Ukurasa wa tano palikuwa na duara lenye msalaba ndani, kama shabaha ya kulengea. Ukienda mpaka chini ya ukurasa wa saba unakuta umeandikiwa urudi kwenye ile S. Unarudi, unapiga tena mambo uliyokwisha kuyapiga, lakini safari hii ukifika kwenye shabaha huendelei, unaruka moja kwa moja hadi ukurasa wa nane, kwenye shabaha nyingine, ambako ndiko kuna mkia wa wimbo. Mkia huo ndio unaoitwa coda. Na mwishoni mwake paliandikwa Fine, ambalo Shangazi alilisoma faini, kwa kuwa aliwahi kuliona kwenye kibao cha kukataza magari kuegeshwa, akauliza anayetozwa ni mpigaji au mgeuzaji. Mwalimu akasema ni fi-ne, maana yake mwisho, na hakuna anayetozwa kitu.

Kwa mikono yake hiyo ilikuwa na maana hii: karatasi moja mbele, ya pili mbele, ya tatu mbele, halafu mbili nyuma kwa mkupuo, moja mbele, halafu mbili mbele kwa mkupuo. Shangazi alilichora jambo hilo kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba. Hata hivyo, akiwa amekaa pale, mkono wa kushoto umeshika pembe ya juu ya karatasi kama alivyofundishwa, alikuwa hajui kabisa kama wako katika kwenda au katika kurudi. Ukurasa ni uleule, noti ni zilezile. Akauliza, mtu anajuaje kwamba hii ni mara ya pili? Mwalimu akasema, anakumbuka.

Na jambo la ajabu ni kwamba zamani alijua. Miaka yote akiwa nje na ndoo yake alijua wimbo ule umefika wapi bila kuambiwa. Sasa alipofundishwa kutazama, masikio yalikuwa kama yamefungwa. Wiki ya tatu alikuwa anapiga deki kwenye korido, Mwalimu akipiga peke yake ndani, akajikuta amesimama na tambara linachuruzika maji, hajui kama anyanyue ndoo au angoje. Ilimkera. Alimwambia mumewe kwamba amebadilishana kitu kizima kwa vipande.

Wiki ya nne, siku ya Jumatano, walikuwa ukurasa wa sita. Palikuwa na alama ya nusu duara yenye nukta katikati, juu ya noti moja ndefu. Shangazi kwenye daftari lake aliiita jicho. Mwalimu aliacha kupiga akaiwekea kidole.

"Hii ni nini?"

Shangazi alijua anapimwa. Akakaa vizuri, akajibu kwamba hapo unashikilia noti hadi uone mwenyewe inatosha.

"Inaitwaje?"

"Fermata."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Kisha akachukua penseli akaandika fermata juu ya ile alama, kwa herufi safi, akarudi kupiga. Shangazi aligeuza ukurasa kwa wakati, lakini akili yake haikuwa kwenye ukurasa. Mwalimu anayempima mwanafunzi haandiki jibu kwenye kitabu chake mwenyewe.

Siku ile alipokuwa anamwaga vikapu alikawia kwenye kikapu cha chumba cha mwisho. Humo mlikuwa na vijikaratasi. Kwa kweli vilikuwepo siku zote, kwa miezi, naye alivimwaga bila kuvitazama, kwani mtu wa usafi akianza kusoma takataka za watu kazi haitakwisha. Alivisoma. Kimoja kilisema: leo Jumatano, Nesi saa kumi. Kingine: miwani mfukoni. Kingine kilikuwa na majina ya wanafunzi wanne na mbele ya kila jina alama ndogo ya kumtambulisha: huyu mrefu, huyu ana kikohozi. Mwandiko ulikuwa ule ule safi wa penseli.

Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi asijue afanye nini. Nyumbani alimweleza mumewe, naye mara hii hakutania. Alisema mkuu wa shule aambiwe. Shangazi akasema, na kama ni uzee tu? Yeye mwenyewe juzi alitafuta kitana nusu saa kumbe kipo kichwani. Mumewe akasema kitana ni kitana. Wakaacha hapo.

Kesho yake alimvizia Nesi kwenye ngazi. Nesi alikuwa anatoka zamu, viatu vyeupe mkononi ndani ya mfuko. Shangazi alianza kuzunguka mbali, akataja hali ya hewa, akataja uchovu wa watu wazima, na Nesi akamkata kwa upole.

"Najua, Shangazi. Nimemwambia akapimwe. Amesema baada ya onyesho."

"Kwa hiyo unaimba naye hivyohivyo?"

"Wimbo huu alikuwa anaupiga bila karatasi. Wewe unafuta lile kabati lake. Uliwahi kukiona hicho kijitabu kabla ya mwaka huu?"

Shangazi akafikiria kabati, rafu kwa rafu. Hakuwahi kukiona.

Alipotaka kuuliza zaidi, Nesi alikuwa amekwisha kuanza kupanda ngazi. Shangazi alibaki na swali moja: kama Mwalimu alimchagua kwa sababu ya ile ndoo kweli, au kwa sababu yeye ni mtu ambaye hangejua Mwalimu akikosea.

Onyesho lilikuwa Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa mji. Shangazi alivaa blauzi ya buluu ya mikono mifupi, na bangili alizivua kama alivyoagizwa, maana bangili ikigonga kinanda husikika hadi mlangoni. Mumewe alikaa safu ya nne, mikono imewekwa magotini kama yuko kwenye studio ya picha. Walipoingia jukwaani watu wakapiga makofi, na Shangazi, ambaye hakuwa ameambiwa kama naye ainame, aliinama nusu akaghairi.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mwalimu alipiga kama alivyopiga siku zote, mgongo umenyooka. Shangazi alisimama, akashika pembe, akaashiriwa kwa kichwa, akageuza, akakaa. Kwenye V na S aligeuza upesi. Walipofika ukurasa wa tano hakusukuma kiti. Nesi alimaliza ubeti, akavuta pumzi kungojea sehemu ya katikati, na Shangazi akasimama kugeuza karatasi moja kwenda ukurasa wa sita.

Hapo akasikia kitu. Mwalimu alikuwa amefika kwenye shabaha na hakuipita. Ameruka. Alikuwa anapiga mkia wa wimbo, zile sauti nzito za polepole ambazo Shangazi alizisikia miaka yote akiinama kuchukua ndoo. Nesi alikuwa ameufungua mdomo, akaufunga.

Wazo la kwanza la Shangazi lilikuwa kwamba amekosea yeye. Labda wameshakwenda na kurudi. Labda amegeuza mbili nyuma bila kujiona. Akatazama ukurasa, ukurasa ukasema katikati. Akasikiliza, masikio yakasema mwisho. Hakujua aamini kipi, na pembe ya karatasi ilikuwa tayari inalowa jasho la vidole vyake. Akafanya alichofundishwa: akageuza karatasi moja.

Mwalimu akainua macho akaona ukurasa wa sita. Mikono yake ikasimama.

Ukumbi ulikuwa kimya. Mwalimu aliutazama ukurasa kama mtu aliyefunguliwa mlango na mtu asiyemjua. Shangazi akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Mwalimu akakitazama kidole. Hakikumsaidia. Shangazi akatazama zile noti nyeusi zilizojazana chini ya kidole chake, na licha ya wiki tano za kufundishwa hakuweza kusoma hata moja. Zilikuwa mbegu zilizomwagika tu.

Basi akaimba kwa mdomo uliofumbwa. Hakuamua. Alisema baadaye kwamba ilimtoka kama inavyokutoka ukiwa unakosha vyombo. Ilikuwa ile sauti ya sehemu ya katikati, ya chini, isiyo na maneno, ambayo aliijua kutoka koridoni. Nesi akageuza kichwa. Akaidaka pale pale ilipofika, akaitia maneno, akaimba mstari wa kwanza bila piano, na wa pili. Katika wa tatu mkono wa kushoto wa Mwalimu uliingia kwa wasiwasi, noti moja, kisha mbili. Halafu wa kulia ukaja.

Kuanzia hapo Shangazi hakutazama noti. Alisikiliza, akageuza mbili nyuma, akageuza moja mbele, na kwenye shabaha akageuza mbili mbele, moja ikataka kurudi akaikandamiza kwa kiganja. Walimaliza pamoja.

Watu walisimama kupiga makofi. Nje ya ukumbi, mkuu wa shule alisifia hasa ule ukimya wa katikati, akasema ni ujasiri mkubwa, siku hizi wapigaji wana haraka. Mzazi mmoja alimwuliza Shangazi kituo kile kinaitwaje kwa lugha ya wataalamu. Shangazi akasema fermata. Hakujua amedanganya au la.

Nyuma ya jukwaa Mwalimu alikuwa amekaa kwenye sanduku la spika, kifungo cha shingo amekifungua. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo.

"Nilikuwa wapi?" akauliza.

"Mwisho," Shangazi akasema.

"Na nilitakiwa kuwa wapi?"

"Katikati."

Mwalimu akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani. Nesi akakaa kando yake akamshika mkono kwa namna ambayo Shangazi alidhani ni ya faraja, kabla hajaona kwamba anampima mapigo.

Mwalimu alikwenda kupimwa Jumanne iliyofuata, akisindikizwa na Nesi. Mwisho wa muhula aliacha kufundisha. Alimwambia mkuu mwenyewe, mlango ukiwa wazi, kwa sauti ileile ya kueleza mambo darasani. Mkuu baadaye alimwuliza Shangazi kama alikuwa anajua. Shangazi akasema alijua na hakujua, na mkuu akamtazama kama anakwepa swali, ingawa alikuwa amelijibu alivyoweza.

Chumba cha mwisho alipewa mwalimu mwingine, mtu mchangamfu anayeandika noti zake kwenye kompyuta na anayegeuza kurasa kwa kukanyaga kitufe kwa mguu. Shangazi anafuta piano yake kama zamani.

Siku za Alhamisi akitoka kazini huenda nyumbani kwa Mwalimu, anakoishi sasa na dada yake. Mara ya kwanza alikwenda kumsalimu tu, na daftari lilikuwa kwenye mkoba. Mwalimu akaliomba. Alilisoma lote, akarekebisha makosa mawili ya tahajia, akaliacha lile la mlango sijauona. Tangu siku hiyo hukaa kwenye piano ya sebuleni, Mwalimu akiuliza na Shangazi akijibu. Siku nyingine Shangazi huuliza na Mwalimu hujibu kwa utimilifu, na asili ya neno na matumizi yake, mpaka Shangazi hujiuliza kama madaktari hawakumchanganya na mtu mwingine. Wiki inayofuata humwuliza neno lilelile, naye hulitazama kwa heshima kama mgeni. Shangazi hujibu anavyokumbuka. Baadhi ya majibu lazima ni makosa, na hakuna wa kuyasahihisha.

Alhamisi iliyopita walifungua kijitabu kipya, kilichotoka kwenye sanduku la chini ya kitanda. Katika ukurasa wa kwanza kulikuwa na mstari uliosimama wima na kujipinda-pinda, ubavuni mwa noti nne zilizobebana. Shangazi hakuwahi kuuona. Mwalimu naye aliinama karibu sana. Akasema huenda ni kasoro ya uchapaji. Shangazi akasema yeye anaona nondo amekula karatasi. Wakapitisha ukucha juu yake, haukuwa tundu.

Mwalimu akaweka mkono juu ya zile noti nne kuzijaribu. Mkono haukuzipiga kwa pamoja. Ulizimimina moja moja, kutoka ya chini hadi ya juu, upesi na kwa ulaini. Akauondoa mkono, akautazama. Akarudia, na ikawa vilevile. Shangazi akamwuliza kwa nini anafanya hivyo, Mwalimu akasema hajui.

Shangazi akauchora ule mstari kwenye daftari, akaandika mbele yake: humiminwa. Mahali pa jina akapaacha wazi. Dada wa Mwalimu akachungulia kutoka jikoni akauliza kama wanaendelea au alete chai, nao wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake ajibu.